Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukurasa na Msomaji Wake

Ndugu wanachama,

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote nawasalimu.

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu cha wasanifu wa kurasa za majarida ulipitisha azimio fupi: mwanachama akileta ukurasa kikaoni, ataje kwanza unasomwa na nani, kabla hatujamuuliza ameutengeneza kwa programu gani. Mwaka mzima tumeishi na azimio hilo. Mahesabu atayasoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitashika hilo moja la kurasa na wasomaji wake, kwa sababu ndilo lililotuchosha na ndilo lililotufaa kuliko yote tangu nikabidhiwe kiti hiki.

Tulianza na majarida mawili ya nyumba moja. Shirika la Femina HIP la hapa Dar es Salaam lilianza jarida lake mwaka 1999, likilenga wanafunzi wa sekondari. Miaka michache baadaye likatoa la pili, Si Mchezo!, kwa vijana wa vijijini ambao wengi wao hawakuendelea na shule. Mada zilikuwa ndugu: afya, mapenzi, Ukimwi, kujitafutia maisha. Kurasa ndizo zilizopishana. La wanafunzi lilichanganya Kiswahili na Kiingereza, kama wanavyochanganya wenyewe wakiwa shuleni. Si Mchezo! likaja na Kiswahili chepesi, habari fupi fupi, na hadithi za picha ambazo wahusika wake huongea kwa maneno yaliyozungushiwa duara juu ya vichwa vyao.

Tuliyatandaza mezani, na mwanachama mmoja akasema hilo la pili limekaa kimaskini. Mabishano yakatuchukua karibu kikao kizima. Msimamo wangu ulikuwa huu, na bado ni huu: anayesoma polepole hushikwa mkono na picha. Akiona uso, akaona mkono umeshika kiuno, tayari amejua huyu kakasirika, na yale maneno manane yaliyo juu ya kichwa yanamthibitishia alichokwisha kukisia. Akimaliza ukurasa anajiona msomaji. Msanifu aliyefanikisha hilo amefanya kazi ngumu kuliko ya kupanga picha ya mwanamuziki na kichwa cha habari cha rangi tatu. Naomba tuache kupima kurasa za watu wa kijijini kwa macho ya mjini.

Kosa hilo lina historia hata kinyume chake. Mwaka 1951 huko Afrika Kusini lilianzishwa jarida lililoitwa The African Drum, ambalo baadaye lilibaki Drum tu na likapata toleo la Afrika Mashariki lililosomwa sana na wazee wetu. Matoleo ya mwanzo yalijaa machifu, ngoma na historia za makabila, yaani picha ya Mwafrika kama ilivyokaa vichwani mwa waliolitengeneza. Halikuuzika. Walipokwenda kuwauliza wasomaji wenyewe, watu wa mitaa ya Johannesburg wakawaambia hawana haja na machifu: wanataka jazi, michezo, wasichana warembo, habari za mji wanaoishi. Jarida likageuzwa, kava nazo zikageuka, na likawa kubwa. Hadithi hiyo niliisimulia katika kikao cha pili, na ndiyo iliyozaa wazo la kutoka ofisini kwenda kuwatafuta wasomaji wetu.

Tulitoka Jumamosi mbili. Ya kwanza tulikwenda barazani kwa wauza kahawa, tukiwa na nakala za majarida ambayo wanachama wenyewe tumeyasanifu. Mzee mmoja alipokea nakala yake, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akarudisha kichwa nyuma. Akasogea kwenye mwanga. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, kwa hiyo alipoukaribia mwanga, nusu ya ukurasa ikamezwa na mng'ao. Akaanza kuinamisha jarida huku na huku kama anayepepeta mchele, akitafuta pembe ambayo maneno yataonekana. Baada ya muda akalikunja kwa adabu, akamrudishia kijana wetu, akasema, "Picha nzuri sana, mwanangu." Hakuwa amesoma hata aya moja. Herufi zilikuwa pointi 8, rangi ya kijivu.

Yule kijana wetu ndiye aliyeusanifu ukurasa ule. Hakusema neno mpaka tulipopanda daladala.

Macho ya karibu hupungua nguvu kwa karibu kila mtu akishavuka miaka 40, na hili si siri. Nchini Marekani, chama cha watu wazima cha AARP kimewahi kutoa jarida lake kwa matoleo matatu kufuatana na umri: la walio katika miaka ya hamsini, la sitini, na la waliovuka sabini. Sisi hatuna fedha za matoleo matatu. Lakini pointi 11 badala ya 8, wino mweusi badala ya kijivu, na karatasi isiyong'aa kwa kurasa za ndani havitudai chochote zaidi ya kupunguza maneno. Wahariri watapiga kelele, na wakipiga kelele tuwapeleke barazani.

Jumamosi ya pili tulikaa na wanafunzi. Wengi wao walilifungua jarida kutoka nyuma. Walitafuta katuni, kisha barua za wasomaji wenzao, kisha picha, na makala yetu ndefu ya katikati ilipitwa kama kituo kisicho na abiria. Msichana mmoja aliulizwa kwa nini, akajibu kuwa ukurasa ule "umekaa kama mtihani". Tulipoutazama upya tukaona kweli: safu mbili za maneno kutoka juu hadi chini, hakuna pa kupumzisha jicho, na maswali yamepangwa kwa namba mwishoni. Nadhani ndiyo maana Shujaaz ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 ikigawiwa bure, iliamua kusema na vijana kwa katuni na kwa Sheng tangu ukurasa wa kwanza. Kijana anajua kwa kutupia jicho mara moja kama aliyeutengeneza ukurasa alimfikiria yeye au mwalimu wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliweka moyoni kuliko yote, nalo ni ukurasa wa mashairi. Tangu Mambo Leo lianze mwaka 1923, magazeti ya Kiswahili yamekuwa na wasomaji wanaokwenda moja kwa moja kwenye beti. Wasomaji hao tunawatesa. Fanyeni hesabu pamoja nami. Ukurasa wa A4 ukigawanywa safu tatu, kila safu hupata milimita 56 hivi. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), kwa herufi za pointi 10 huhitaji milimita 60 na ushee. Hauingii. Basi neno la mwisho linadondoka mstari wa chini, na kina cha mwisho kinakwenda nalo. Beti ya mishororo minne inakuwa na mistari minane iliyochongoka, vina vya kati havisimami wima, na mpenzi wa mashairi anayesoma kwa jicho na sikio kwa pamoja anahisi kama mtu anayekanyaga ngazi iliyokosa kidato.

Mwanachama wetu mmoja, ambaye mwenyewe ni malenga, alitupangia beti ileile mara mbili ubaoni. Ya kwanza kwa safu tatu. Ya pili kwa safu mbili, alama ya mkato ikifuatiwa na nafasi pana kidogo ili ukwapi na utao vionekane kama nguzo mbili. Hakueleza kitu. Aliisoma ya kwanza akikwama, akaisoma ya pili akiighani, na kikao kikamwitikia. Tuliazimia papo hapo: shairi lisipangwe tena kwenye safu tatu katika jarida lolote tunalolisimamia. Naomba mkutano huu uliridhie azimio hilo rasmi.

Kuna na hili la kukata maneno mwishoni mwa mstari. Maneno yetu ni marefu, tukiyabana kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote yanaacha mianya mieupe inayoteremka ukurasa mzima kama mito. Tukiiachia programu ikate yenyewe wakati imewekewa kanuni za Kiingereza, inatukatia "wanafun-" juu na "zi" chini. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kila mtoto wa darasa la kwanza anajua, kwa hiyo ni "wanafu-nzi". Na "ng'ombe" isikatwe kwenye ile ritifaa yake. Kwa jarida la watoto mimi nashauri maneno yasikatwe kabisa, upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Mtoto anayejifunza kusoma akikuta neno limepasuliwa anadhani ni maneno mawili.

Kuhusu picha za watu weusi kuzama kwenye wino nitapita haraka, kwa kuwa tulilijadili mwaka juzi. Wapigachapa tuliozungumza nao bado wanaomba nyuso ziongezwe mwanga kabla pleti hazijatengenezwa, hasa kwa karatasi ya gazeti, ambayo hunyonya wino na kuutawanya. Tafadhali tulifanye kwa picha moja moja. Anayenyanyua mwanga wa ukurasa wote kwa mkupuo anawageuza watu kuwa na rangi isiyo yao, na msomaji akijiona kapauka kwenye jarida lake hujua hakuthaminiwa.

Naungama na la kwangu. Mwaka huu nilisanifu jarida dogo la wakulima. Nililipamba: mandhari ya kijani, maneno meupe juu yake, jedwali la vipimo vya mbolea likiwa dogo pembeni ili lisiharibu picha ya shamba. Aliyelipokea akanipigia simu, mama mmoja, akaniomba nimsomee jedwali lile kwa mdomo ili aliandike kwenye daftari, kwa sababu halionekani. Nililisoma mstari kwa mstari, naye akawa ananirudishia kila kipimo kuhakikisha. Nilipokata simu nikaona kwamba kitu pekee alichokihitaji katika jarida zima nilikuwa nimekificha. Toleo lililofuata jedwali lilichukua ukurasa kamili wa nyuma, jeusi juu ya nyeupe, likiwa na nafasi ya kutobolewa tundu ili litundikwe msumarini.

Yaliyobaki hayajatekelezwa ni mawili. Hatujawafikia wasomaji wenye uoni hafifu, ambao hata pointi 11 haiwatoshi. Na hatujakaa na wahariri, ingawa barua mbili tumewaandikia. Kamati tendaji ijayo naiomba iyaanze haya mapema kabla ya msimu wa kusanifu kalenda, maana Novemba ikifika hakuna msanifu anayepatikana kwa lolote.

Nawashukuru wazee wa baraza waliotuvumilia na kutunywesha kahawa, wanafunzi waliotuambia ukweli, na kipekee malenga wetu na ubao wake. Kikao cha kwanza cha mwaka mpya ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Kila mwanachama aje na ukurasa mmoja aliousanifu mwenyewe, pamoja na mtu mmoja anayetarajiwa kuusoma. Nauli za wageni hao chama kitalipa.

Mwenyekiti