Mwanangu, Idi Hii Njoo

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Sisi huku Tandika, Dar es Salaam, hatujambo, baba yako kifua kimemwachia, anafunga vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema Idi hii huji, maana nauli na zawadi za hapa na pale zitakurudisha nyuma kwenye kiwanja unachokiwekea akiba. Sikukujibu palepale kwa sababu niliumia, na maumivu kwenye simu hugeuka ugomvi. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikushukuru kwa unavyojipanga. Mshahara ukiingia tu, kabla hujagusa kitu, unanunua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wao wa Umoja ulipoanza mwaka 2005 wewe ulikuwa chekechea, na mama yako mwaka huohuo alikuwa anakopa kwa ajili ya sare ya harusi. Jina la kausha damu, hii mikopo ya riba kubwa, hatukuwa nalo, ila damu ilikauka vilevile. Sare niliivaa siku moja, deni nikalilipa miezi kumi na minne, na redio ya baba yako ikachukuliwa ninyi mmesimama mlangoni mnatazama. Sitaki uyapitie hayo. Akiba usiiache.

Lakini kuna jambo la bibi yako sijawahi kukusimulia lote.

Alipofariki mwaka 2024, wakati tunatoa vyombo vyake tulikuta makopo mawili ya Blue Band uvunguni, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mna noti zimekunjwa ndogondogo kama hirizi, zinanuka dawa ya nondo. Zilikuwemo hata za shilingi 200, ambayo wewe umeijua ikiwa sarafu. Hela ya vitumbua hiyo, ya kuamka saa kumi alfajiri. Benki Kuu ilikuwa imetoa muda, tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, noti za zamani zibadilishwe. Tukaenda na mjomba wako. Yule dada wa dirishani akawa anazikunjua moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja, foleni nyuma yetu inanung'unika. Tulichotoka nacho hakikufika bei ya gunia la mchele.

Mwanangu, hela hiyo haikuniuma kama hili lingine. Bibi yako mdogo yuko Unguja, na boti ya mwendo kasi kutoka hapa ni saa mbili hivi. Miaka yote marehemu alisema, "Mwakani nitakwenda kumwona mdogo wangu." Mdogo wake ndiye aliyekuja, akafika tumeshazika. Akakaa mkekani, akaniuliza dada yake alikuwa anapenda kula nini siku hizi. Alikuwa hajui.

Kwa hiyo nakuomba: kama unavyotenga fungu la vipande, tenga na la kula raha, likae peke yake. Liwe dogo, likiisha limeisha, usichote la kiwanja wala usikope. Ila na lenyewe usilihamishie kwenye kiwanja ukaona umefanya jambo. Chipsi kuku na wenzako wa ofisini ni humo, kitenge ulichokitamani ni humo, na nauli ya kuja kwetu ni humo. Kiwanja ukikipata miezi miwili baadaye, kiwanja ni kilekile. Baba yako ana miaka 68.

SGR, hii treni ya umeme, ilipoanza kufika huko Dodoma mwaka 2024 uliniambia mwenyewe nauli ya kawaida ni shilingi 31,000. Kama imepanda, niambie, nitaongezea. Zawadi usilete hata moja, na wadogo zako nimeshawaambia. Kata tiketi ya mchana, ukae dirishani, uitazame milima ya Kilosa kabla treni haijaingia kwenye mahandaki.

Godoro lako nimelianika jana. Nijulishe unashuka saa ngapi, baba yako anataka kuja kukupokea mwenyewe.

Mama yako