Tangazo la mnada wa nyumba limeacha mengi yanayomhusu mnunuzi

Mhariri,

Kurasa za matangazo ya minada huwa zimejaa nyumba na ploti ambazo benki zinauza baada ya wakopaji kushindwa kulipa. Tangazo hutaja namba ya ploti, ukubwa wake, idadi ya vyumba, mahali na saa ya mnada. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, husema mnunuzi ajihakikishie kila kitu mwenyewe, kwani benki na dalali hawatoi dhamana yoyote kuhusu maelezo hayo. Sharti hilo ndilo zito kuliko mengine yote, na ndilo wengi hulipita mbio wakitafuta bei.

Kwa kanuni za madalali wa Kenya, nyumba haiwezi kuuzwa kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Siku hizo ndizo nafasi ya mnunuzi kufanya kazi yake, na hazitoshi kwa anayeanza katika wiki ya pili.

Aanzie ofisi ya msajili wa ardhi kwa upekuzi rasmi. Karatasi ya upekuzi itamwonyesha jina la mwenye ardhi, benki iliyoandikishwa rehani na kiasi cha mkopo, pamoja na vizuizi na amri za mahakama zilizosajiliwa. Jina la benki kwenye tangazo lilingane na lile la rejista. Kama kuna rehani ya pili ya mkopeshaji mwingine, wakili aeleze kwa maandishi itaondolewaje. Namba ya ploti nayo ina mtego: ardhi nyingi za Mombasa zilijulikana kwa namba za zamani kama zile zinazoanza na MN, na hati zinabadilishwa ziingie chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Tangazo likitaja namba ya zamani pekee, ulizia kama kuna mpya, na upekuzi ufanywe kwa zote mbili.

Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali, hesabu miaka iliyosalia. Muda ukiwa umekaribia kwisha, unanunua pia kazi ya kuomba uongezwe. Kwa nyumba ya ghorofa, hakikisha ina hati yake yenyewe iliyosajiliwa. Hati ya ploti nzima ambayo jengo limesimama juu yake haikupi umiliki wa nyumba yako.

Kisha fuata historia ya hati hadi ilipoanzia. Wengi hudhani kwamba benki iliyokubali hati kama dhamana ilikwisha kuichunguza, kwa hiyo ni safi. Dhana hiyo ni hatari. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu ploti ya ufuoni Nyali, ilisema wazi kwamba kama ardhi ilitolewa mwanzoni kinyume cha sheria, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Mnada hausafishi hati mbovu. Wakili aombe nakala za hati zote za uhamisho, na mpimaji aende kwenye ploti na ramani yake, aone mawe ya mipaka yako wapi na kama nyumba inayoonekana kwenye picha imesimama kweli ndani ya ploti inayouzwa.

Katika nyaraka hizo kuna moja isiyostahili kuachwa: ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali tu iwapo mwenzi naye alitia saini au kuna ushahidi kwamba aliridhia. Ridhaa ikikosekana, rehani yenyewe ina ufa, na mke au mume ana sababu nzito ya kwenda kortini.

Hatua zilizotangulia mnada zinamhusu pia mnunuzi. Mkopaji akishindwa kulipa na mwezi mmoja ukapita, benki humpa ilani ya miezi isiyopungua mitatu. Ikiisha bila malipo, hufuata ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40, ambayo nakala zake huenda pia kwa mwenzi wa ndoa, mpangaji, mdhamini na wengine wenye maslahi. Baada ya hapo dalali hutoa siku 45 za kukomboa mali, kisha siku 14 za tangazo. Hatua zikifuatana hivyo, tangu kukosa kulipa hadi mnada ni zaidi ya miezi saba. Mkopaji aliyerukiwa hatua moja ndiye huja na amri ya mahakama asubuhi ya mnada. Kifungu cha 99 cha Sheria hiyo ya Ardhi kinamlinda mnunuzi asiyehusika na ulaghai: mnada ukishakamilika, makosa ya ilani kwa kawaida humpa mkopaji haki ya kudai fidia kwa benki, wala hayamnyang'anyi mnunuzi nyumba. Lakini ulinzi huo hauzuii kesi kufunguliwa, na kesi ikifunguliwa pesa zako hukaa zimefungwa. Wakili atafute mapema kama kuna shauri mahakamani, na asiishie Mahakama ya Ardhi na Mazingira, kwani migogoro ya rehani mingi hupelekwa Mahakama Kuu.

Kuhusu bei, wanunuzi wengi hufurahia punguzo kubwa bila kujua linabeba nini. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayowezekana, na bei ya chini kabisa ya mnada hutegemea uthamini uliofanywa ndani ya miezi 12 iliyopita. Pengo kati ya bei ya mauzo na bei ya soko likifika robo, sheria inachukulia kwamba benki imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 10 ikienda kwa milioni 6, tarajia barua ya wakili wa mkopaji. Ajiri mthamini wako mwenyewe, hata kama ataitazama kutoka nje tu, na utoe bei unayoweza kuitetea.

Pesa ziwe tayari kabla hujainua mkono. Masharti ya kawaida ni hundi ya benki ili upewe nafasi ya kutoa bei, kitambulisho, cheti cha PIN ya kodi, arubuni, yaani malipo ya awali, ya asilimia 25 nyundo ikigonga, na salio ndani ya siku 90. Ukinunua kwa milioni 8, milioni 2 zinatakiwa siku hiyo hiyo. Ukishindwa kulipa salio, arubuni inapotea. Hapa ndipo wanaotegemea mkopo hukwama. Benki ya mnunuzi hutaka mthamini wake aingie ndani, naye anayeishi humo anafunga lango. Wiki zinapita na siku 90 hazisimami. Idhini ya mkopo iwe mkononi kabla ya mnada. Hundi iandikwe kwa jina lililotajwa kwenye masharti ya mauzo, na pesa taslimu asipewe mtu yeyote. Dalali naye aonyeshe leseni ya mwaka huu kutoka bodi ya leseni za madalali.

Juu ya bei kuna ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani. Hukokotolewa kwa thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali, ambayo inaweza kuzidi bei uliyonunulia. Kodi ya kaunti na kodi ya ardhi ya serikali zisipolipwa, hupati vyeti vya kutodaiwa, na bila vyeti hivyo uhamisho hausajiliwi. Madeni haya huweza kuwa ya miaka mingi, kwa sababu aliyeshindwa kulipa benki mara nyingi alikwisha kuacha kulipa kaunti. Masharti ya mauzo yaseme ni nani atakayeyalipa. Kwa ghorofa, ongeza ada ya huduma ya jengo. Msimamizi wa jengo atakuambia deni lake ukimwuliza. Ploti ikiwa ya kilimo, kama nyingi za Kilifi na Kwale, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mauzo.

Liko na suala la watu walio ndani. Benki kwa kawaida huuza nyumba jinsi ilivyo, na wakazi wake wakiwemo. Nenda ukaione kwa mpango na dalali, kwa adabu, ukikumbuka kwamba unabisha hodi kwa familia iliyo karibu kupoteza makao. Uliza majirani anakaa nani humo: mkopaji, mpangaji, au mtu mwingine kabisa. Baada ya nyumba kuwa yako, asiyetaka kutoka hatolewi kwa vijana wa mtaa. Kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi kinataka ilani ya maandishi ya miezi isiyopungua mitatu, na nakala zake zipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa divisheni ya eneo hilo. Mkazi ana haki ya kuipinga mahakamani. Muda huo na gharama zake vitolewe kwenye bei utakayotaja mnadani.

Asiyeweza kukimbizana na siku 14 asikate tamaa. Mnada ukikosa mnunuzi, iandikie benki. Sheria inairuhusu kuuza kwa mapatano ya faragha, na hapo unaweza kuomba muda zaidi na nakala za nyaraka. Vilevile mkopaji ana haki ya kukomboa mali yake mpaka benki ifikie makubaliano na mnunuzi, kwa hiyo wapo wanaouza wenyewe kwa idhini ya benki na kulipa deni lao. Mauzo ya namna hiyo mara nyingi huwa mepesi zaidi, kwa sababu mwenye nyumba anakufungulia mlango na kukutilia saini.

Mhariri, tunaomba benki na madalali waongeze mambo matatu kwenye matangazo yao: ni nani anaishi ndani ya nyumba, kodi ya kaunti inayodaiwa ni kiasi gani, na kama kuna kesi wanayoijua. Benki inaweza kuyapata yote kabla ya kulipia nafasi gazetini.

Wathamini na mawakili wa ardhi,
Mombasa