Vihisi vya matangi vipangwe upya hapa Goma

Mhariri,

Hoteli, vituo vya afya na visima vingi hapa Goma sasa vina kihisi cha mgandamizo kilichoning'inizwa ndani ya tangi, skrini ikionyesha kimo cha maji na kuendesha pampu. Ni hatua njema. Tatizo ni kwamba vingi vinafungwa na mipangilio ileile vilivyotoka nayo kiwandani.

Kihisi hupima mgandamizo wa maji yaliyo juu yake: kila mita 1 ni kilopaskali 9.8. Hewa nayo hukandamiza, ndiyo maana kebo nzuri ina kijibomba chembamba cha kupitisha hewa. Ukikiziba kwa silikoni ili kuzuia unyevu, kipimo kitapanda na kushuka kwa kufuata joto na hali ya hewa. Kiishie kwenye kisanduku kikavu, basi. Vihisi visivyo na kijibomba hicho vinatusumbua zaidi, kwa kuwa huwa vimesawazishwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kilopaskali 101. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni karibu 85. Tofauti hiyo ni sawa na mita 1.6 za maji! Tangi la mita 3 lililojaa nusu litasomeka tupu kabisa. Kwa hiyo sifuri iwekwe hapahapa, kihisi kikiwa nje ya maji, hadi multimita (kipima umeme) iliyoungwa kwa mfululizo kwenye waya isome miliampea 4.00, yaani mkondo wa umeme ambao kihisi hutuma kwa skrini kumaanisha sifuri; 20 humaanisha mwisho wa kipimo chake. Kihisi kisichokubali kusawazishwa hivyo kisinunuliwe.

Kisha upeo. Kihisi cha mita 5 hutoa miliampea 20 maji yakifika mita 5. Katika tangi la mita 3 kitaishia 13.6, na skrini itasema asilimia 60 huku maji yakimwagika. Kihisi kipangwe 20 iwe mita 3, na skrini ipangwe vivyo hivyo. Skrini ikisahauliwa, mita 3 zitasomeka 5.

Kwa mazutu (dizeli), uzito wake ni takriban 0.84 ya maji: mita 2 zitasomeka 1.68 usipobadilisha. Tangi la duara lililolazwa linahitaji jedwali la ujazo, maana robo ya kimo ni asilimia 20 tu ya mafuta.

Kosa baya kuliko yote ni kupuuza sababu ya mkondo kuanzia miliampea 4 badala ya 0. Waya ukikatika, jambo la kawaida kwenye radi zetu, mkondo huwa 0. Skrini isiyoelekezwa huliona tangi tupu na kuiacha pampu ikisukuma usiku kucha. Ipangwe hivi: chini ya 3.6 au juu ya 21, pampu izime na king'ora kilie.

Wenye matangi, kabla ya kulipa, daini karatasi yenye thamani zote zilizowekwa, kisha fundi achomoe waya mmoja wa kihisi mbele yenu, muone kama pampu inazima.

Fundi wa vipimo,
Goma