Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: usihesabu vichwa barabarani

Mheshimiwa Waziri,

Bei ya mafuta ikipanda, washauri wako huhesabu walioandamana. Wakiwa wachache, unaambiwa mambo yatatulia. Hesabu hiyo inapotosha. Uingereza, Septemba 2000, wakulima na wenye malori hawakuwa umati. Walikaa kwenye mageti ya viwanda vya kusafishia mafuta, na ndani ya siku chache vituo vingi vikakauka. Novemba serikali ikasimamisha nyongeza ya ushuru.

Itazame zaidi Ecuador. Oktoba 2019 Rais Lenín Moreno aliondoa ruzuku kwa Amri namba 883. Wenye mabasi na malori waligoma kwanza, kisha CONAIE, shirikisho la jamii za asili, likafunga barabara hadi serikali ikahamia Guayaquil kwa muda. Tarehe 13 viongozi wake walikaa meza moja na Rais, runinga zikionyesha moja kwa moja, na usiku huo ikakubaliwa amri ifutwe. Septemba 2025 Rais Daniel Noboa akaondoa ruzuku ya dizeli. CONAIE ileile iligoma takriban mwezi mzima, na ruzuku haikurudi. Safari hii wasafirishaji walikuwa wameandaliwa fidia, na wengi hawakuegesha magari.

Najua washauri wako watalipenda somo hilo: wape madereva chao, wengine watachoka wenyewe. Tafadhali usilifuate. Fidia ya mwenye basi haimfikii anayevuta maji shambani kwa pampu ya dizeli.

Tena anayegoma bila kiongozi ni mgumu zaidi kumrudisha nyumbani. Ufaransa ilifuta nyongeza ya kodi Desemba 2018, lakini waandamanaji wa fulana za njano (sheria ya nchi hiyo inamtaka kila dereva awe nayo garini, kwa hiyo sare ilikuwa tayari) waliendelea kwa miezi. Nani angewaambia basi? Iran, Novemba 2019, ilizima intaneti, mamia wakauawa, bei iliyopandishwa ikabaki. Huo siuiti utulivu.

Kwa hiyo, kabla ya bei mpya, tuchapishie mchanganuo wa lita moja: gharama ya kununua, usafirishaji, kodi, faida ya muuzaji. Kaa na vyama vya wasafirishaji, wakulima na wafanyakazi pamoja, si kimoja kimoja mlango wa nyuma. Na nafuu itangulie bei, isiifuate.

Wako,
Mnunuzi wa mafuta