Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Daktari, Mgeni Rasmi wetu, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu. Shikamooni wakubwa, na wenzetu hamjambo.

Tulikuwa tumeandika risala kuhusu bustani ya klabu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni daktari wa magonjwa ya ubongo, tuliiweka kando tukaandika hii, inayohusu jambo tulilolisoma muhula mzima: ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumpotezea mtu kumbukumbu, na mwanasayansi anayetafuta chanzo chake ndani ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati.

Mgeni Rasmi, tangu Alois Alzheimer alipoeleza mwaka 1906 habari za mgonjwa wake aliyepoteza kumbukumbu, madaktari wamekuwa wakiangalia mabonge ya protini yanayoonekana kwenye ubongo. Tangu mwaka 1992 watafiti wengi wameshika nadharia kwamba protini hiyo, beta-amiloidi, ndiyo inayoanzisha maradhi. Dk. Russell Swerdlow, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, aliuliza kinachotangulia. Mwaka 2004, yeye na Shaharyar Khan waliandika kwamba kila mtu huzaliwa na mitokondria zenye nguvu ya kiwango fulani, na nguvu hiyo hupungua kwa umri, kwa kasi isiyolingana baina ya watu. Ikishuka mno, seli huanza kubadilika, na amiloidi hufuata. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Sisi tunaokaa bweni tunajua taa zinavyofifia umeme ukiwa mdogo, kabla hazijazimika.

Kilichotukamata zaidi ni jaribio lake. Mwaka 1990 watafiti wengine walikuwa wameona kwamba kimeng'enya kimoja kinachosaidia mitokondria kuzalisha nishati, saitokromu oksidesi, kina upungufu kwenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, za wagonjwa wa Alzheimer. Kwenye damu, siyo kwenye ubongo! Je, upungufu huo unatoka kwenye mitokondria zenyewe, au mwili mgonjwa ndio unaozidhoofisha? Swerdlow na wenzake walichukua seli za asili ya neva zinazooteshwa maabara, ambazo vinasaba vya mitokondria zake vilikuwa vimeondolewa. Wakazitia mitokondria kutoka kwenye chembe sahani za wagonjwa, na nyingine wakazitia za watu wazima wa afya. Seli hizo chotara zikaishi na kuzaana mbali kabisa na mwili wa mgonjwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 1997 yalionyesha kwamba zile zenye mitokondria za wagonjwa ziliendelea kuwa na upungufu uleule. Tulilisoma jaribio hili mara tatu darasani, na mara ya tatu mwalimu wetu alinyamaza akatuacha tulieleze wenyewe.

Wapo wanasayansi wasiokubaliana naye, na nadharia hiyo bado inapimwa. Hata hivyo sisi tunaiona ina uzito.

Mgeni Rasmi, mimi ninayesoma risala hii ninaishi na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Hadi leo ukimpa ukili vidole vyake vinakwenda vyenyewe, lakini hakumbuki kama amekula, na mimi ananiita kwa jina la mama yangu. Mtaani wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ni uzee tu, aachwe. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo zile za bibi ndizo alizonazo mama, na ndizo nilizonazo mimi. Nilipolielewa hilo niliogopa. Kisha nikaanza kukaa naye jioni, namshikia ukili anasuka.

Bibi hayuko peke yake. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba zaidi ya wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na Alzheimer ni mojawapo ya maradhi hayo.

Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utupatie Jumamosi moja uzungumze na wazazi wetu, kwa Kiswahili hiki cha nyumbani, namna ya kumtambua mzee anayeumwa na namna ya kumtunza. La pili, hadubini yetu iliyobaki haina lenzi ya kukuza mara elfu moja, wala hatuna rangi ya Janus green inayozitia mitokondria kijani zikiwa hai. Tumezichora miaka minne. Tunaomba utusaidie tuzione.

Naomba kuwasilisha.