Kapteni, usimlipe huyo fundi bado

Umoja, Jumapili usiku

Kapteni wangu,

Niaje ndugu. Natumai wewe na shemeji na watoto mko salama, na umwambie mama namsalimia sana, goti likipoa anikumbuke kwa maombi yake. Huku ni baridi ya Julai tu, ile ya kuvaa soksi mbili, lakini tuko sawa.

Nimeonelea nikuandikie juu siku ile tukiongea ulikuwa kwa feri na kelele ilikuwa mingi, nusu ya maneno sikushika. Nilichoshika ni hiki: kompyuta yako ya gemu inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini nyeusi tii, na kuna fundi ameiangalia dakika tano akasema madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayoshikilia kila kitu, imekufa, ulete 12,000. Kapteni, tafadhali usitoe hiyo pesa. Sisemi anakuibia, mimi simjui, lakini bodi ndio kitu ya mwisho kusemwa imekufa, na nakwambia hivi juu nimekaa na skrini nyeusi kama hiyo usiku tisa hapa kwa nyumba, na bodi yangu haikuwa imeharibika popote.

Wacha nikupe stori yote, sijawahi kukuelezea vizuri.

Unajua nilianza kununua vipande Januari, kila mwisho wa mwezi kitu kimoja. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, Ryzen 5 5600 mpya, RAM ya 16GB vipande viwili, ile kumbukumbu ya muda, SSD ambayo ndio diski, kadi ya grafiki ya kuchora picha, RX 6600 ya mtumba, na madabodi ya aina ya B450, hiyo pia mtumba. Kasha nililinunua Luthuli likiwa na pawa saplai yake ndani, kile kisanduku cha kulisha mashine stima, imeandikwa wati 500, nikaona nimeokoa pesa, hiyo nitairudia juu ilinitesa baadaye. Nikalibeba kwa mapaja kwa matatu Jogoo Road yote, konda akanilipisha ya watu wawili na sikubishana ata kidogo, nilikuwa na furaha sana Kapteni. Tangu tukilipa shilingi kumi gemu moja kwa kile kibanda cha mabati nyuma ya shule, tukingojea zamu kwa benchi, nilikuwa nataka mashine yangu mwenyewe kwa nyumba yangu.

Nikaunganisha Ijumaa usiku, nikiwa na bisibisi moja ya nyota na kitabu cha bodi, kila saa nashika chuma ya kasha kwanza umeme wa mwili utoke. Saa sita usiku nikabonyeza. Feni zote zikazunguka. Skrini, hakuna kitu.

Siku tatu za kwanza nilifanya makosa ambayo naona ata huyo fundi wako anafanya, nilikuwa nagusa kila kitu kwa mara moja. Natoa RAM, nachomoa kadi, nabadilisha kebo, nageuza waya, alafu nawasha, bado nyeusi, na sai sijui ni gani kati ya hizo nimeharibu na gani nimetengeneza. Usiku wa nne ndio nilichukua daftari la mtoto, nikaanza kuandika: leo nimebadilisha kitu kimoja, matokeo ni haya, nimerudisha kama ilivyokuwa. Inachosha sana, lakini kuanzia hapo kila usiku kuna kitu kimoja nilikuwa najua kwa uhakika sio yenyewe.

Na kumbe jibu lilikuwa linawaka mbele yangu tangu Ijumaa ya kwanza. Kwa kona ya bodi kuna taa nne ndogo sana, ndogo kama mbegu ya nyanya, moja ya prosesa, moja ya RAM, moja ya kadi ya grafiki na moja ya diski. Mashine ikiwaka inapitia hizo taa moja moja, na ile inabaki imewaka ndio inakuonyesha mahali safari imekwama. Yangu ilikuwa imebaki ya prosesa. Mimi nilidhani ni mapambo!

Usiku wa nane ndio ikanijia. Bodi za B450 zilitoka 2018. Hiyo prosesa yangu ilitoka Aprili 2022. Yaani BIOS iliyokuwa kwa hiyo bodi, ile programu ndogo inayoamsha kila kitu, iliandikwa kabla prosesa yenyewe haijakuwa duniani, inaiangalia na haiitambui kabisa, kwa hivyo inakaa kimya. Hakuna kilichoharibika. Prosesa nzima, bodi nzima, hawajuani tu.

Bahati nzuri hiyo bodi ni ya zile ziko na kitufe nyuma cha kuweka BIOS mpya ata kama prosesa haisomeki, unaweka faili kwa flashi, unaliita jina lile kitabu kinasema bila kubadilisha ata herufi, unachomeka kwa tundu lake, unabonyeza. Shida ni moja, na wewe unaielewa kama mtu wa Kenya: stima ikipotea katikati ya hiyo kazi unaweza kubaki na bodi ambayo haiamki tena. Na kwa mita tulikuwa tumebaki na yuniti mbili, na wiki hiyo stima ilikuwa inapotea kila jioni. Kwanza nikanunua tokeni. Alafu nikashuka kwa jirani wa chini ana duka la fotokopi, nikamwomba UPS yake, ile betri inayoshikilia stima ikipotea, kwa usiku mmoja, akanipa bila maswali, Mungu ambariki.

Mara ya kwanza taa ikapepesa sekunde chache ikaacha. Moyo ukaniruka. Nikarudi kwa kitabu, kumbe flashi lazima iwe na mpangilio wa faili unaoitwa FAT32, na yangu ya 64GB ilikuwa na mpangilio mwingine. Nikatafuta ile yetu ya zamani ya 8GB iliyokuwa na picha za harusi, nikahamisha picha kwanza kwa simu, nikaisafisha, nikajaribu tena. Taa ikaanza kupepesa na haikuacha. Kama dakika tano hivi. Nilisimama hapo nikiangalia balbu ya sebule na nikiangalia taa, balbu, taa, mke wangu amesimama kwa mlango ata haongei. Ikazima. Nikawasha mashine, na skrini ikaleta maandishi, Kapteni, maandishi tu meupe kwa nyeusi, na nikakaa chini kwa sakafu.

Baada ya hapo kulikuwa na vitu vidogo, RAM ya kasi ya 3200 ilikuwa inasoma 2133 mpaka uingie BIOS uwashe XMP, ile ya kuipa kasi yake kamili, na skrini ya 144Hz, yaani picha 144 kwa sekunde, ilikuwa imewekwa 60 kwa Windows, hizo ni dakika mbili.

Lakini ile pawa saplai. Wiki ya pili mashine ikaanza kujizima yenyewe katikati ya gemu, na saa zote ilikuwa kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Nikaandika kwa daftari siku sita mfululizo na ndio nikaona huo ndio wakati watu wa ploti wanaoga. Shawa moja ya stima inakula kama wati 5,500, sasa weka tatu nne kwa laini moja, taa za nyumba zinafifia, na ile saplai ya bei rahisi inashindwa. Nikaitoa nikasoma stika yake vizuri kwa mara ya kwanza. Mbele imeandikwa 500, lakini kwa mstari wa 12V imeandikwa ampea 18. Zidisha mwenyewe: 12 mara 18 ni wati 216. Na huo mstari wa 12V ndio unalisha prosesa na kadi, hizo wati zingine ni za mistari ambayo mashine ya sai haitumii sana. Kadi yangu peke yake ni wati 132, prosesa 65 kwa makaratasi na inaweza kupita hapo, ongeza feni na diski, tayari umefika ukingoni kabla jirani hajafungua maji. Nikaweka ya wati 550 ambayo 12V yake ni ampea 45, yaani 540, na inakubali stima kutoka volti 100 mpaka 240, kwa hivyo volti ikishuka haishtuki. Haijajizima tena mpaka leo. Naona heri mtu akae na kadi ndogo mwaka mzima kuliko kununua kadi kubwa na saplai ya kuja bure na kasha.

Sasa tuje kwa yako. Yako sio kama yangu, na usikimbilie BIOS, juu yako ilikuwa inafanya kazi na ikaacha. Na kuna kitu ulisema ukakipita haraka nusura nisikisikie, kwamba ilianza siku mlihama kutoka Likoni kwenda Kisauni. Fundi hakukuuliza hiyo? Mashine imebebwa kwa pikapu, imerukaruka kwa matuta, kadi na RAM zimelegea, alafu mmefika mkachomeka kila kitu haraka mkiwa mmechoka. Mimi hapo ndio ningeanzia.

Prosesa yako ni ile i3-12100F, na hiyo herufi F mwishoni maana yake haina grafiki ndani yake. Kwa hivyo ukichomeka HDMI, ile kebo ya skrini, kwa tundu la bodi lile la juu lililosimama, utapata skrini nyeusi siku zote ata kama kila kitu ni kizima. Lazima iingie kwa kadi, yale matundu ya chini yaliyolala. Angalia hiyo kabla ufungue chochote, na usimwachie mtoto akuangalilie, angalia wewe.

Kama iko sawa, chomoa stima kwa ukuta, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi umeme uliobaki uishe, alafu fungua. Toa kadi uirudishe mpaka usikie kale kamlio, na uangalie waya wake wa stima umeingia wote. Alafu RAM. Na hapa huko kwenu kuna jambo ambalo sisi huku juu hatuna, hewa ya bahari, ile chumvi na unyevu inashika yale meno ya dhahabu, hauioni kwa macho lakini inatosha kuzuia. Chukua raba safi ya penseli, sugua meno pole pole, pangusa kwa kitambaa kikavu, usiguse na vidole. Rudisha kipande kimoja peke yake, kwa nafasi moja, washa. Kisha nafasi nyingine. Kisha kipande cha pili. Andika kila moja Kapteni, nakusihi, usiamini kichwa saa tano usiku.

Ikigoma bado, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 dakika tano na stima ikiwa imechomolewa, urudishe, BIOS itajisahau ianze upya. Baada ya hizo zote ikiwa nyeusi, hapo sasa ndio tuanze kuongea mambo ya saplai na bodi, na ata hapo tunaomba saplai ya mtu tujaribu kwanza kabla ya kununua.

Na hiyo kadi ya grafiki RX 580 ya mtumba uliniambia unaangalia, usilipe kabla uione ikiwaka kwa mashine ya muuzaji na programu ya GPU-Z, ile inayoonyesha kadi ni ya aina gani, imefunguliwa. Mahali pa Shaders, yaani idadi ya vile visehemu vya kuchora picha, isome 2304. Ikisoma 2048 hiyo ni aina nyingine ya chini iliyotengenezewa soko la Uchina 2018, inauzwa na jina hilo hilo na bei ile ile, mimi nusura nichukue moja mjini kwa duka ambalo nilikuwa naliamini. Pia muulize imetoka wapi, juu Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, nyingi sana zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Na hiyo kadi inakula wati 185, kwa hivyo soma stika ya saplai yako, ule mstari wa 12V, uniambie ampea ni ngapi.

Niko na kipande cha RAM cha 8GB hapa kimebaki, nimekifunga kwa lile karatasi lake la kung'aa, nataka kukuwekea kwa basi la usiku ujaribu nacho. Ila kwanza nitumie picha ya bodi yako, hizo za prosesa za kizazi cha 12 kama yako ziko za RAM aina ya DDR4 na ziko za DDR5, changu ni DDR4 na hakiingii kwa ile nyingine, pengo limekaa mahali tofauti, na sitaki mtu alazimishe. Ukinitumia kesho jioni, Jumanne nakiweka kwa basi, Jumatano asubuhi unakichukua hapo Mwembe Tayari.

Na uniambie kama yako iko na hizo taa ndogo, na ni gani inabaki imewaka.

Wako,
Nambari Nane