VIN Peke Yake Haikwambii Kama Hiyo Chevelle Ni SS Kweli

Karibu kila wiki inaingia meseji ya aina moja. Mtu kaona Chevrolet Chevelle SS 396 ya 1969 inauzwa (SS ni toleo lake la nguvu, 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), nyekundu, mistari myeusi kwenye boneti, injini inang'aa mpaka unaogopa kuigusa, na muuzaji kaandika kwa herufi kubwa kwamba gari ni SS halisi, "imethibitishwa kwa VIN", yaani kwa namba ya utambulisho ya gari. Mteja anauliza, nitume hela? Tunamwambia tulia kwanza ndugu yangu, hicho alichoandika muuzaji hakiwezekani. VIN ya Chevelle ya 1969 haisemi SS popote. Huyo muuzaji ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Kwa wasiotujua, sisi tupo Marekani na kazi yetu ni kwenda kukagua hizi mashine za V8 za miaka ya 60 na 70 kwa niaba ya mnunuzi kabla hajalipa. Wateja wengi ni Waswahili wenzetu wa huku na Kanada, na wapo wa Muscat na Dubai wanaonunua kwa simu bila kuiona gari kwa macho. Nyumbani Kenya huko ni ngumu, gari ikizidi miaka 8 haiingii kwa njia ya kawaida na usukani wa kushoto nao ni tatizo, kwa hiyo anayenunua mara nyingi anaiweka huku huku au Ghuba. Lakini popote ulipo hela yako ni ile ile, na kati ya Malibu ya kawaida (Chevelle isiyo SS) na SS halisi ya mwaka mmoja, hali moja, rangi moja, tofauti ya bei ni kubwa kiasi kwamba mtu anaona faida kabisa kununua Malibu, kuivalisha beji na kuiuza kama SS. Juu zaidi ndo usiseme. Mwaka 2014 kwenye mnada wa Mecum kule Seattle, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa ('Cuda ni Barracuda ya nguvu, Hemi ni injini yake kubwa) iliuzwa dola milioni 3.5. Thamani yote ile inasimama juu ya neno moja, kwamba gari ilitoka kiwandani hivyo. Ingekuwa Barracuda ya kawaida iliyowekewa Hemi baadaye, bei ingekuwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Sasa tuje kwenye VIN yenyewe maana hapa ndo watu wengi wanapigwa. Hii ya herufi na tarakimu 17 tuliyoizoea ilianza na gari za 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, ndo maana ukiingiza namba ya gari ya 1969 kwenye tovuti za kucheki historia inakataa, na kuna watu wanashtuka wanadhani gari ni ya wizi kumbe wala, ni mfumo tu hauzijui namba za zamani. Chukua namba inayoanza na 136379B. Ile 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, 9 ni mwaka 1969, B ni kiwanda cha Baltimore, halafu tarakimu sita za mfululizo. Basi. Hakuna mahali inapotaja 396, hakuna mahali inapotaja SS. Kuanzia 1966 hadi 1968 SS 396 ilikuwa na namba yake kabisa, 138, ukiona 13817 au 13867 unajua hii ilizaliwa SS, lakini ilipofika 1969 Chevrolet wakaigeuza SS kuwa oda ya nyongeza, msimbo Z25, na mwaka huo mtu aliweza kuiongeza hata kwenye 300 Deluxe ambayo ni ya bei nafuu kuliko Malibu. Mpaka 1972 ndo GM, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac, wakaanza kuweka herufi ya injini ndani ya VIN, W ikiwa ni 454. Camaro Z/28 ya 1969 nayo hivyo hivyo, VIN yake inaanza 12437 sawasawa na Camaro yoyote ya V8 isiyo na kitu.

Pontiac GTO wana vituko vyao. Ya 1964 na 1965 ilikuwa oda ya nyongeza juu ya Le Mans kwa hiyo VIN yake ni kama ya Le Mans, ya 1965 inaanza 237, kuanzia 1966 hadi 1971 ikapewa 242 yake. Bahati nzuri kwa Pontiac kumbukumbu za kiwandani zipo, unalipia PHS (Pontiac Historic Services, wanaotunza kumbukumbu hizo) wanakutumia nakala ya ankara ya gari hiyo hiyo kwa VIN yake, na humo inaonekana kama ni GTO, kama ni The Judge (toleo la juu la GTO), injini gani na gia gani. Mtu anayeuza GTO ya 1965 kwa bei ya GTO na hataki kuonyesha karatasi ya PHS, mimi binafsi siendelei na mazungumzo. Karatasi yenyewe haina gharama ya kumshinda mtu anayeuza gari ya maelfu ya dola.

Ford nao wamehifadhi. Kuanzia gari za 1967 kuna ripoti za Marti ambazo zinatoka kwenye data za uzalishaji za Ford wenyewe, na VIN yao inataja injini, kwa mfano Mustang ya 1970 yenye R ni 428 Cobra Jet yenye Ram Air, G ni Boss 302, Z ni Boss 429. Dodge na Plymouth pia kuanzia 1966 herufi ya tano ni injini, na ya 1970 ikiwa R ni 426 Hemi, V ni 440 yenye kabureta tatu. Kwa hiyo Plymouth inayoanza BS23R ni 'Cuda ya Hemi, na muuzaji mwenye BS23N anayekwambia "Hemi halisi" amekudanganya mchana kweupe, maana N ni 383.

Wenye shida kubwa ni wapenzi wa Chevrolet. Kwa Chevelle na Camaro zilizojengwa Marekani miaka ile huwezi kumuandikia GM ukampa VIN akakupa orodha ya vitu vilivyokuwemo. Kama gari iliuzwa mpya Kanada una bahati, GM wa Kanada wanatoa karatasi hizo kwa malipo. Nje ya hapo inabidi gari yenyewe ihojiwe.

Na tunaanzia kwenye chuma, si kwenye injini. Kwa nini? Kwa sababu VIN inaweza kuwa ya kweli kabisa na gari ikawa siyo. Mtu anapata mabaki ya Hemi iliyooza au kupondeka, anachukua kile kibati cha VIN anakihamishia kwenye bodi safi ya gari ya bei rahisi, anapaka rangi, tayari. Ndo maana tukifika kitu cha kwanza ni taa na kioo kidogo pale kwenye dashibodi, upande wa dereva chini ya kioo cha mbele, tunaangalia ribiti. Kwa GM za mwisho wa miaka ya 60 ribiti za kiwandani zina umbo la ua lenye petali sita, tukikuta ribiti za duara za dukani au tundu limepanuliwa au kuna mikwaruzo pembeni tunaanza kuuliza maswali magumu. Kisha tunatafuta namba zilizofichwa. Kwenye Camaro zipo kwenye ukuta wa injini nyuma ya boksi la hita na nyingine chini ya ile grili ya hewa mbele ya kioo, kwenye Chevelle tunapanda na brashi ya waya juu ya reli ya chesi upande wa dereva, kwenye Dodge na Plymouth zimegongwa kwenye fremu ya rejeta juu na kwenye mdomo wa buti chini ya mpira. Mustang zipo kwenye mabati ya ndani ya fenda. Hizi ndizo namba ambazo wahuni wanasahau au wanashindwa kuzifikia, na zinapaswa kuwa zile zile za kwenye dashibodi, siyo zinafanana.

Hapa niseme kitu cha haki. Fremu ya rejeta kukosa namba siyo lazima iwe wizi. Gari ina miaka zaidi ya 50, iligongwa mbele 1974, fundi akaweka fremu nyingine, maisha yakaendelea. Ndo maana hatutoi hukumu kwa sehemu moja.

Injini sasa. Wote wanataka kusikia "machingi namba", yaani injini iliyotoka na gari kiwandani. Kwenye V8 za Chevrolet kuna sehemu ndogo tambarare mbele ya bloku upande wa abiria, pale silinda hedi inapokalia, na kuanzia 1969 altaneta imekaa upande huo huo kwa hiyo mara nyingi lazima uilegeze ndo uone vizuri. Pale kuna mihuri miwili ya namba iliyogongwa kwenye chuma. Wa kwanza ni wa kiwanda cha injini, V ni Flint, T ni Tonawanda, inafuata tarehe na herufi za aina ya injini, mfano DZ ni ile 302 ya Z/28 ya 1969. Wa pili ni kipande cha VIN. Muuzaji akikutumia picha ya hapo usiangalie namba tu, angalia uso wa chuma. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba sana inayokwenda mbele na nyuma, ukiona uso laini kama kioo, au mistari ya duara ya msasa wa umeme, basi namba za zamani zimefutwa na mpya zimegongwa. Inawezekana pia fundi alisawazisha bloku kihalali wakati wa kufufua injini na namba zikaondoka, hiyo siyo jinai, ila bei ya "machingi namba" hulipi tena maana uthibitisho haupo.

Halafu tarehe, na hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu muongo mara nyingi anajisahau hapa. Bloku ilimwagwa kwanza, yaani chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa kwenye kalibu, tarehe yake imo kwenye chuma chenyewe kwa herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L Desemba. Baadaye injini ikaunganishwa. Baadaye kabisa gari ikajengwa, na kibati cha bodi kwenye ukuta wa injini kinasema, 01B ni wiki ya pili ya Januari. Ikiwa kibati kinasema 01B ya 1969 na bloku imemwagwa C 14 9, yaani Machi 14 mwaka huo huo, hiyo injini haikuwepo duniani gari ilipotoka kiwandani. Hamna maelezo yanayookoa hapo. Tunapiga picha, tunakutumia, unaamua.

Karatasi tunazipenda lakini kwa tahadhari. Karatasi ya kiwandani ya maelekezo ya kuunganisha gari ilikuwa inaachwa humo humo, juu ya tangi la mafuta, kwenye springi za siti ya nyuma, chini ya zulia, na GM za 1965 hadi 1972 zilitoka na kibati kidogo cha warranti kinachoitwa Protect-O-Plate chenye VIN na msimbo wa injini. Zikipatikana ni dhahabu. Shida ni kwamba vibati vipya vinauzwa, karatasi mpya zinachapwa kisha zinazeeshwa ili zionekane za zamani, kwa hiyo karatasi isiyokubaliana na chuma, tunaamini chuma.

Naomba sana jambo moja kwa wenye gari tayari. Usiruhusu fundi ang'oe kibati cha VIN eti ili apake rangi vizuri. Sheria ya Marekani inahesabu kuondoa au kubadilisha VIN kuwa kosa, kifungo mpaka miaka 5, na ingawa kuna msamaha kwa matengenezo ya lazima, hutaki kuwa mtu wa kujieleza. Kansas mwaka 2017 polisi walikamata Corvette ya 1959 ambayo kibati chake kilikuwa kimetolewa na kurudishwa wakati wa kuifufua, mwenye gari hakuwa na hatia yoyote, na gari ikazuiwa miaka na ilikuwa ivunjwe mpaka sheria ya jimbo ikabadilishwa 2022. Miaka yote hiyo gari iko yadi. Na wa Muscat na Dubai mjue hili pia, forodha ya Marekani inataka hati ya umiliki na gari vifikishwe kwao angalau saa 72 kabla ya kusafirisha, VIN yenye utata ikigundulika pale mzigo hautoki.

Kuhusu kloni, yaani gari ya kawaida iliyojengwa ifanane na ya nguvu. Sisi hatuna ugomvi na kloni hata kidogo, Malibu iliyojengwa vizuri na 396 ndani inaendesha vile vile, inapiga kelele vile vile, na mwenye nayo analala usingizi. Tunachopinga ni kulipa bei ya SS kwa Malibu. Mteja wetu mmoja alikuta gari aliyoipenda ni kloni, tukampa ripoti, akarudi kwa muuzaji na picha za tarehe za bloku, bei ikashuka sana na akainunua akiwa anajua anachonunua.

Ukitaka tukusaidie, kabla hujalipa hata dipoziti tutumie WhatsApp picha ya VIN ya dashibodi ikionyesha ribiti zote mbili, picha ya kibati cha bodi, picha ya namba za injini bila fleshi kwa pembeni, na hati ya umiliki mbele na nyuma. Hizo tunaziangalia bure, na mara nyingi zinatosha kukwambia usiendelee. Zikiwa safi ndo tunapanga safari ya kwenda kuiona na bei inategemea umbali. Cheti cha "machingi namba" kwa picha peke yake hatutoi, hata ukituongezea hela, kwa sababu mistari ya kwenye chuma inabidi mtu aione kwa macho na kuigusa. Na muuzaji akikataa kulegeza altaneta ili tuone namba, tunakupigia pale pale tukiwa bado kwake.